Gauni Lililosimama kwa Kichwa

Mimi na mudogo wangu ni washonaji hapa Lubumbashi, lakini wanawake wa Golf, mtaa wa matajiri, huenda kwake. Picha zake mtandaoni husimama wima. Yangu, ya gauni la harusi nililoshona kwa roho yote, ilitokea miguu juu, ingawa kwenye telefone ilikuwa sawa. Wivu ukanikaba. Nikaenda kumuuliza kama ni yeye aliyenichezea.

“Hapana, yaya,” alinijibu mimi mkubwa wake bila kuacha cherehani. “Telefone haigeuzi picha. Inafichamo tu alama ya kusema igeuzwe. Site moja inaisoma, ingine hapana. Uliishika kichwa chini?”

Ndiyo. Tundu la chaji limelegea. Nisipoipindua, waya unachomoka, na umeme ukirudi hapa kwetu baada ya kukatika siku nzima, nani anachomoa telefone ili apige picha tu? Yeye ana telefone mpya, lakini hata shida yangu aliijua kuliko mimi.

Akaigeuza picha, akaihifadhi upya, nikaituma tena. Ikasimama. Gauni langu lilizidi yake yote! Nikangoja watu waseme. Wa kwanza kuandika, “Iko muzuri sana, yaya,” alikuwa yeye.

Hata kwa wema amenitangulia.