Bakuli la Kwanza la Unga

Ebla alikuwa na desturi ambayo hakuna aliyeweza kumwachisha: kila akifungua gunia jipya la ngano, bakuli la kwanza la unga humwendea jirani kabla yeye mwenyewe hajaonja. Unga wa dukani aliuita vumbi. Ngano yake aliichagua kwenye ungo, akaianika juu ya paa la ploti yao hapa Kitengela, kisha akaisaga kwa mashine yake ndogo ya umeme, iliyonguruma mpaka ploti nzima ikajua Mama Waris yuko kazini.

Jumamosi hiyo bakuli lilikuwa limekwisha kufika kwa jirani yake Nasike, ghorofa ya chini, wakati binti wa Ebla, Waris, aliyekuja kumjulia hali kutoka Ngong, alipoingiza mkono guniani.

"Hooyo," akamwita mama yake kwa Kisomali, "hii ngano ulichagua kweli?"

"Tangu lini nikasaga bila kuchagua?"

"Na hizi nyekundu ni nini? Hii ni mbegu ya kupanda, imewekwa dawa ya wadudu. Kuna mtu amechanganya."

Ebla akachota konzi moja, akaisogeza karibu na macho. Wekundu hakuuona. Miezi mingi sasa ungo ulikuwa ukungu mtupu machoni pake, naye alichagua kwa vidole tu, akanyamaza, maana angesema Waris angemnyang'anya mashine. Mficha maradhi kifo humuumbua, wasemavyo, ila kifo hiki alikuwa amekituma kwa mtoto wa wenyewe. Jacinta wa Nasike alikuwa na miaka minne, na chapati ndiyo roho yake.

Alipiga simu. Haikupokelewa. Akashuka ngazi bila viatu, akipapasa ukuta, akiomba, "Yarabi, nichukue mimi." Hajafika chini, harufu ya chapati ikampokea.

Hodi hakupiga. Aliona kivuli kidogo mezani kikitafuna. Akampokonya mtoto chapati, akaitupa, akamtia kidole kinywani.

"Tema! Tema, mama!"

Jacinta akaangua kilio. Nasike akatoka jikoni mbio.

"Mama Waris! Kuna nini?"

"Unga yangu iko na sumu! Amekula ngapi?"

Nasike alimtazama, kisha akafungua kabati. Ndani mlikuwa na mabakuli matatu ya unga, kila moja limefunikwa kwa sahani.

"Hiyo chapati ni ya unga ya duka," akasema. "Yako sijapika tangu Ramadhan. Nilikuwa napata mawe ndani, siku moja hata msumari. Niliogopa kukwambia, uone kama nakudharau."

Ebla akapiga magoti. Akaanza kuitafuta ile chapati aliyoitupa. Alipapasa sakafu kushoto, akapapasa kulia, na chapati ilikuwa pale pale mbele ya magoti yake. Jacinta, kwikwi bado zikimbana, aliiokota akamwekea mkononi.

Waris alikuwa amesimama mlangoni.

"Hooyo," akauliza, "tangu lini?"