Viti vya Kahawa Kichwani mwa Kasongo

Mume wangu Kasongo ni fundi cherehani soko la Mwanga, na kwa kushona kanzu hana mpinzani. Kwa kunywa kahawa ndiyo kabisa. Alfajiri yuko barazani hapa Ujiji, mchana anaagiza dukani, jioni anarudi barazani utadhani ana zamu. Nyumbani hanywi. Kwangu ni uji na chai ya mchaichai, na birika la kahawa sikuwahi kununua. La nini, na mnywaji mwenyewe haonekani?

Kila mwaka, Ramadhani ikikaribia, mama yangu hutoka kwake Buzebazeba kuja kufunga nasi. Na kila mwaka, siku ya kwanza tu, alasiri haijafika, Kasongo huumwa kichwa hadi anashonea mkono wa kanzu shingoni. Akishafuturu hujikongoja mpaka barazani, na huko kichwa kinapoa. Kesho yake kinaanza upya. Mume wangu ana akili, tatizo lake anazitumia. Akakata shauri kwamba mama akija kichwa kinauma, na akiondoka penye mama kinapona, basi mama ana kitu.

Mama hakuambiwa. Mkwe hasemeshwi ovyo; kwetu Kasongo hata sahani hampi mkononi, anaipitisha kwangu. Niliambiwa mimi, na kila Ramadhani tukawa tunagombana kwa kunong'ona.

Mwaka huu maji yakazidi unga. Miguu ya mama imechoka, akasema anakuja kukaa moja kwa moja. Kasongo akanigomea.

"Mama Zuwena, mwezi mmoja navumilia. Lakini maisha yote na kichwa kile? Siwezi."

"Basi asipokuja hapa, mimi nitamfuata kule."

Sikuwa natania. Na roho iliniuma, maana nampenda yule mwanamume na ukaidi wake wote.

Kabla sijafunga mizigo, mwezi wa Shaabani, nilimburuta duka la dawa. Mfamasia pale ni dada Erica, Mhaya aliyehamia huku kikazi kutoka Bukoba. Kasongo akataka vidonge vikali vya kichwa, akiba ya mwezi mzima. Erica akamuuliza kinauma lini, kinapoa lini, kisha akauliza, "Mzee, kahawa unakunywa?"

Nilicheka mimi kabla hajajibu.

"Sikiliza, mzee. Kichwani mna vipokezi. Tuseme ni viti vya barazani. Ukishinda kazini, ubongo unakusanya kemikali inayoitwa adenosini. Ikikaa kwenye viti hivyo, mwili unajua umechoka. Sasa kafeini ya kwenye kahawa inafanana nayo. Inawahi viti, inakaa, haifanyi kazi yoyote, ila mwenye kiti anakosa nafasi. Ndiyo maana husinzii."

"Kama Gasper pale barazani," Kasongo akasema. "Hanunui wala haondoki."

"Huyo huyo. Mwili nao haukubali, unaongeza viti. Siku kahawa isipokuja, adenosini inakuta viti tele vitupu, inavijaza vyote. Mishipa ya kichwa inatanuka, na hayo ndiyo maumivu yako. Mama mkwe hahusiki."

"Sasa nifanyeje?"

"Punguza kidogo kidogo kuanzia leo. Mwili utapunguza viti wenyewe."

Alipunguza. Alinuna, alipiga miayo, aligombana na cherehani, lakini alipunguza. Mama akaja na godoro lake. Siku ya kwanza ya mfungo ikafika, na Kasongo akarudi jioni anaimba, mikono ya kanzu zote iko mahali pake.

Alipoingia alimkuta mama amelala mkekani, kichwa kimekazwa kwa kanga, uso ukutani.

"Ana nini?" akaninong'oneza.

"Ndiyo kawaida yake akifunga. Anasema ni uzee."

Kasongo akanigeukia. "Mama Zuwena, kule kwake huwa anakunywa nini?"

Nikaliona akilini lile birika lake jeusi la kahawa, ambalo kule kwake halijawahi kutoka motoni tangu niko mtoto.

Adhana ya magharibi ilipolia tu, mume wangu alikimbilia barazani, kofia mkononi. Akarudi na kahawa inafuka, akanipita mimi, akapiga magoti, akampa mama mkononi. Mama alishtuka, lakini alipokea. Alipomaliza akaifungua ile kanga kichwani.

"Mwanangu," akasema, macho chini, "kwa kuwa leo umeniheshimu hivi, acha nikwambie. Nyumba yako ina jini. Kila Ramadhani linanipiga kichwa, nikirudi kwangu linaniacha. Nimenyamaza miaka yote, nasema masikini mkwe wangu, analala nalo na hajui. Safari hii nimekubali kuja kukaa ili tulifukuze pamoja."

Kasongo alicheka mpaka machozi, na sikujua kama yote yalikuwa ya kicheko. Akavuta kigoda karibu na mkeka, akaanza kumweleza mama habari za viti.

Asubuhi yake nilikwenda Mwanga kununua birika la kahawa, kubwa.