Shemeji alikwama pangoni Mdandu, na muvi ndizo zilizomfundisha kupambana na jiwe

Wakuu, kamwene.

Nimeona humu watu wanapendekezana muvi za mapangoni. Nilitaka kuchangia kule nikashindwa, nikaona nifungue uzi wangu.

Sitaongeza chumvi. Penye aibu yangu pia nitaiacha ilivyo.

Mimi ni fundi mwashi, naishi Makambako, upande wa Kitandililo. Miaka kadhaa nyuma walikuja watafiti wa popo wakihitaji watu wa kuwabebea vifaa. Tukaenda mimi na rafiki yangu Mwalimu Obadia, anayefundisha jiografia sekondari.

Watafiti waliondoka. Sisi tukabaki na helmeti, taa za kichwani, na ule ugonjwa wa kupenda mapango. Tangu hapo tumeingia mengi ya huku kwetu, mwalimu anachora ramani kwenye daftari, mimi nashika kamba ya kupimia.

Sasa kuhusu muvi.

Mle ndani kwenye muvi kuna mwanga unaotoka kusikojulikana. Pango la kweli ukizima taa huoni kiganja ulichokigusisha puani.

Halafu watu wanakimbia. Wakuu, pangoni hakuna anayekimbia. Unatambaa, unapumzika, unatambaa tena, magoti yanawaka.

Na wale popo wanaorukia watu usoni! Popo wa kweli anakukwepa wewe.

Hayo yote tulikuwa tunayacheka tu. Lililotuumiza ni lile la mtu aliyekwama. Kwenye muvi anapiga kelele, anakusanya nguvu, muziki unapanda, anachomoka. Dakika mbili.

Jumapili moja tuliangalia muvi ya hivyo nyumbani kwangu. Alikuwepo shemeji Lameck, mume wa dada yangu. Mkulima wa viazi, kifua kipana, gunia analirusha kwenye gari peke yake.

Akasema, "Hapo mimi ningetoka kwa nguvu tu."

Mwalimu hakuwepo siku hiyo. Mimi nilikuwepo, nikacheka. Sikumwambia kitu.

Wiki hiyohiyo akaomba twende naye. Jumamosi asubuhi tukaenda kwenye pango moja upande wa Mdandu. Kabla ya kuingia, mwalimu alipita nyumba ya jirani akamwambia mama mwenye nyumba saa tunayotarajia kutoka. Hilo hatuliachagi.

Mwalimu alitangulia, shemeji katikati, mimi nyuma.

Kuna mahali njia inabana na kuteremka. Unapita kichwa mbele, mkono mmoja umeunyoosha. Mwalimu akapita. Shemeji akaingia mkono ukiwa umekunjwa chini ya kifua, na nundu ya jiwe ikamkandamiza mgongoni, juu kidogo ya kiuno.

"Nimekwama," akasema, kwa utulivu kabisa.

Halafu akaanza kupambana.

Alipiga mateke, akapiga kelele. Ukipiga kelele unatoa pumzi, kifua kinapungua, mwili unateremka kidogo. Ukitaka kuvuta pumzi tena, nafasi haipo. Nilimshika buti zote mbili nikamsikia sauti inazidi kuwa ndogo.

Mwalimu alikuwa upande wa pili, uso kwa uso naye.

"Lameck, acha. Jiwe halichoki, wewe utachoka. Pumua kidogo kidogo, kama unapuliza chai."

Alirudia hivyo hivyo, bila kupandisha sauti, mpaka miguu ikatulia. Kisha akaniita: "Fundi, nimemwekea bega asiteremke. Kalete tindo."

Hapo ndipo nilipoelewa. Upande aliokuwa mwalimu hakuna njia nyingine. Shemeji asipotoka, na yeye hatoki. Hakulitaja.

Nilitoka nje nikachukua nyundo na tindo kwenye pikipiki yangu ya kazi, nikamwita yule mama. Akaja na majirani. Wawili walitaka waingie na kamba wamvute kwa nguvu. Mwingine alishawasha mwenge wa nyasi.

"Ndivyo wanavyofanya kwenye muvi," akaniambia.

Nikamwambia moshi ule utawamaliza wote wawili kabla sijafika. Hakuelewa. Yule mama ndiye aliyeelewa. Aliukanyaga ule mwenge, akasimama mlangoni, akasema, "Haingii mtu hapa. Fundi, nenda. Mimi napika uji na natafuta mablanketi."

Nikarudi.

Wakuu, kuchonga jiwe sentimita chache kutoka kwenye mgongo wa mume wa dada yako, umelala kwa tumbo, sikuombei. Nikigonga kwa nguvu namuumiza. Nikigonga taratibu linatoka punje kama ya mahindi.

Kila nikipumzisha mkono nilimsikia mwalimu anauliza habari za viazi. Mbegu gani mwaka huu? Mvua ikizidi unafanyaje? Shemeji anajibu neno moja moja.

Kuna wakati akauliza, "Mwalimu, na wewe utatokaje?"

"Nyuma yako."

Tulianza saa tano. Inakaribia saa kumi jioni nundu ikakatika. Mwalimu akamwambia atoe pumzi yote, nami nikavuta miguu polepole. Akaja kidogo. Pumzi tena, vuta tena, mpaka akatoka, na mwalimu nyuma yake.

Nje shemeji alikuwa anatetemeka kwa baridi, hawezi hata kushika kikombe. Yule mama alimnywesha uji kama mtoto.

Shemeji ni mzima. Ila ule mkono uliobanwa, vidole viwili havina hisia mpaka leo. Magunia anafungiwa na wengine.

Dada alipofika hospitali tulikompeleka Lameck, hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Kaka, siku aliposema atatoka kwa nguvu, wewe ulimjibu nini?"

Nikamwambia, nilicheka.

Akanyanyua beseni, akaenda kuchota maji ya kumuoshea mumewe. Ilichukua miezi ndipo tukazungumza tena vizuri.

Sisemi msiangalie muvi. Mimi mwenyewe naangalia. Ila muvi haina muda wa kukuonyesha kusubiri, na pangoni kinachookoa watu ni kusubiri na kutulia. Ukijua kitu na mtu wako hakijui, mwambie kabla hamjaondoka nyumbani. Mimi nilijua.

Mwezi uliopita tukiwa tumekaa na mwalimu, akaniambia jambo ambalo hakuwahi kulisema. Nilipoenda kuchukua tindo, alimwambia Lameck wazime taa ili kutunza betri. Betri zilikuwa nzima. Alikuwa analia, na hakutaka Lameck amwone.

Nimemaliza, wakuu. Aliyewahi kukaa na mtu kwenye hali kama hiyo, iwe pangoni, kisimani au machimboni, naomba atuambie alimsemesha nini.