Mguu wa Kijana wa Msituni

Juzi, mlangoni mwa hospitali, niliona picha ya bunduki iliyopigwa mstari mwekundu kukataza silaha, nikaikumbuka zahanati ambako mama alikuwa nesi kule Ipole, kwenye kijiji chetu cha Ujamaa.

Mchana mmoja, nikiwa mtoto, palinuka dawa ya vidonda na tumbaku iliyokuwa ikikaushwa jirani. Wakimbizi wa vita vya nchi jirani walijaa kwenye benchi. Kijana mmoja aliletwa kwa machela, mguu umevimba kwa jeraha la risasi. Mzee mmoja mkimbizi, aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni, akasimama.

“Nesi, huyu alikuwa na wale wapiganaji wa msituni. Ndio waliochoma nyumba zetu.”

Mama aliendelea kukata suruali ya kijana. Nilidhani hajasikia, nikamvuta gauni.

“Mama, babu anasema huyu alichoma nyumba zao.”

“Nimesikia. Kalete maji ya moto.”

Niliporudi alikuwa akimwambia mzee, “Baba, nishikie huu mguu. Mtoto hana nguvu.”

Mzee alisita sana, kisha akaja, akaushika kwa mikono miwili. Mama alipoanza kuosha kidonda kijana alipiga kelele, na mzee akatazama ukuta bila kulegeza mikono.

Chuoni nimesoma katika sheria za vita kwamba majeruhi asiye na silaha si adui tena. Mama hakuwahi kuisoma sheria hiyo. Mimi ninaijua, lakini kila nikifikiri sielewi kama mzee alikuwa akimsaidia kijana yule, au akimbana ili aumie zaidi.