Nilimkataa mchumba wa mjukuu wangu kwa sababu kijiji chao kina meya

Wakuu, wa rika langu salaam. Wengine marahaba, najua mlikuwa mnakuja huko.

Naandika mwenyewe kwa simu yangu, polepole, na chumvi sitii.

Mjukuu wangu Nyangeta, niliyemlea mimi, alileta mchumba hapa kwangu Mwisenge, Musoma. Mfaransa, anaitwa Juliani, anachimba visima huko Bunda. Kiswahili anacho.

Nikamwita kaka yangu kutoka Mugango, maana kwetu mchumba anaulizwaga kwao ni wapi kabla ya chai.

Kijiji chao kina jina refu, nusu ya herufi hazisomwi, zimekaa tu. Kipo bondeni, kina mto mdogo na kanisa la mawe lililojengwa kabla ya babu wa babu yake. Mpaka hapo vizuri.

Halafu akasema, "Meya wetu ni shangazi yangu."

Nikasimamisha kikao. Meya anakuwaga wa manispaa. Mtu wa manispaa hajui ng'ombe, na sisi bila ng'ombe hatutoi binti. Nikamwambia chai anywe, mke hapati.

Nyangeta akanijia juu. "Bibi, kwao kila kijiji kina meya!"

"Sasa anaongoza nini?"

"Wazee na ng'ombe," Juliani akajibu. Akatoa picha kwenye simu. Kweli, ng'ombe weupe, wanono. Shangazi meya kavaa gambuti, mavi mpaka magotini.

Nikaondoa pingamizi.

Picha nyingine ilikuwa ya jiwe kando ya kanisa, lina majina ya vijana waliokwenda vitani wasirudi. Akasema majina ni mengi kuliko vijana waliopo leo. Shule ilishafungwa, watu walihamia mijini.

Kaka akamtania, "Kwa hiyo umekuja kuchukua watu wa kujaza kijiji?"

"Ndiyo, babu."

Yeye hakuwa anatania. Hapo ndipo nilipoogopa.

Nikamuuliza, "Nyangeta akishikwa uchungu wa kuzaa huko, nani atamsikia?"

Akafikiri. "Mimi. Na shangazi."

"Hospitali?"

"Mbali, bibi."

Angalau hakunidanganya. Nikasema ng'ombe waje, ila mtoto wa kwanza atazaliwa Musoma, nikiwepo.

Juliani akamgeukia Nyangeta.

"Usiniangalie mimi," Nyangeta akamwambia. "Muangalie huyo."

Akaniangalia. Akasema sawa.

Nilichojifunza: msiishie kumuuliza mkwe ana kazi gani. Muulizeni kwao wamebaki akina nani.

Mliooza mabinti mbali, semeni hapa chini mliwekeana sharti gani. Wa kuniuliza ng'ombe walikuwa wangapi, piteni.