Breki za Kwenda Mwezi wa Barafu

Kaka yangu ni fundi wa breki. Ukimwita fundi magari atakusahihisha, na akianza kukusahihisha, siku yako imeisha. Injini, gia, viti, redio, vyote hivyo kwake ni mapambo ya watu wasio na kazi. "Gari lisilowaka halijawahi kuua mtu," husema, na kabla hujamjibu ameshatoa pedi ya breki iliyolika mfukoni akuonyeshe, maana yeye hutembea na pedi zilizolika kama wenzake wanavyotembea na leso. Watu wanamwita Fundi Breki. Mimi ni dada yake mkubwa, nimefundisha hesabu darasa la nne miaka thelathini na moja, na jina hilo namwita nikiwa nimemkasirikia tu, yaani karibu kila siku.

Ana desturi moja iliyomjengea jina. Akimaliza kufunga breki hakupi ufunguo. Zamani alikuwa anamwita binti yake, mtoto wake wa pekee, anamkalisha kiti cha mbele, anamfunga mkanda, anapanda naye kilima kilicho nyuma ya gereji, kisha anateremka kwa kasi na kukanyaga. Binti aliianza kazi hiyo akiwa na miaka saba, miguu haifiki chini. Wifi yangu alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Kaka akamjibu, "Kama siwezi kumkalisha wangu, kwa nini nimkalishe wa mwenzangu?" Mteja aliyeona gari lake limesimama na mtoto anacheka ndani hakuwa na swali tena. Maneno "kazi nzuri" hayajawahi kumtoka kaka yangu kinywani. Breki zikiwa nzuri, mtoto alikaa kiti cha mbele, basi.

Binti alipofika sekondari, kaka akaandika kwenye bango la gereji "Breki na Binti", rangi nyekundu, bila kumuuliza huyo binti. Binti akaenda kusoma fizikia, akarudi, akaajiriwa ghorofa ya tatu juu ya duka la magodoro, kwenye ofisi inayotengeneza michezo ya kompyuta. Kaka akapaka rangi nyeupe juu ya "na Binti". Alipaka tabaka moja tu, kwa ubahili au kwa sababu nyingine asiyoisema, kwa hiyo jua likipiga maneno bado yanaonekana. Wateja wakimuuliza msichana yuko wapi, anajibu, "Anacheza." Wakiuliza anafanya kazi gani, "Si nimekwambia anacheza?" Ilikuwa hivyo miaka miwili, mara nyingine binti mwenyewe akiwa amesimama palepale na chakula cha baba yake mkononi. Nilimchukia kaka yangu siku hizo, nasema wazi.

Mchezo wenyewe ulihusu watu wanaohama dunia kwenda kuanzisha makazi kwenye mwezi wa barafu unaozunguka sayari ya mbali. Kazi ya binti ilikuwa injini. Watu hao watafika kwa nguvu ya kitu gani? Alitaka kila injini iwe kitu ambacho kinaweza kutengenezwa kweli siku moja, na alikuwa ananisomea hesabu zake jikoni kwangu huku nachambua maharage. Roketi ya kuchoma mafuta ina nguvu za ajabu na ulafi wa ajabu: inahitaji mafuta ya kubebea mafuta, na hayo nayo yanahitaji mafuta ya kuyabeba. Nikamwambia nina shemeji wa aina hiyo. Tanuri la nyuklia linaipasha moto hidrojeni na kuitoa kwa nyuma, ni afadhali, ila nalo linakunywa. Tanga la mwanga ni kitambaa chembamba kuliko ganda la kitunguu, kinasukumwa na jua bure, lakini kadiri unavyoliacha jua ndivyo msukumo unavyofifia. Halafu kuna injini ya umeme, inayochukua gesi kidogo, kuitia chaji na kuirusha nyuma kwa kasi kubwa mno. Nikauliza inasukuma kwa nguvu kiasi gani. Akasema ni kama uzito wa daftari kiganjani.

Nilicheka mpaka maharage yakamwagika. "Shangazi, lakini haichoki," akasema. "Inasukuma usiku na mchana, miaka." Nikaokota maharage yangu bila kucheka tena, maana hata mimi nimewafikisha watoto wengi darasa la tano kwa mtindo huohuo.

Tatizo lilikuwa Mkurugenzi. Alikuwa na wafanyakazi wanne, mmoja wao mlinzi, lakini kibao cha mlangoni kwake kilikuwa na vyeo vitatu. Yeye alivumbua injini yake mwenyewe akaiita Mruko. Unabonyeza, umefika. Binti alipomuuliza inafanyaje kazi, akajibu, "Vizuri sana." Alisema wachezaji hawana subira ya injini za kisomi, na ili aonekane mtu wa haki, akaandaa jaribio. Gari lake lilikuwa gereji kwa kaka yangu, breki zikilia. Akamwona fundi mzee, mikono imejaa oili, hajui kompyuta inafunguliwa upande gani, akafurahi kama aliyeokota kitu. Huyo ndiye mtu wa kawaida. Atakaa kwenye kompyuta Alhamisi mchana, bila kuambiwa chochote, na kuendesha chombo kwa injini za binti. Safari ya miaka sita imebanwa iwe saa mbili na nusu. Akikaa mpaka chombo kifike, injini zinabaki. Akiinuka kabla, zinafutwa zote, miaka miwili ya kazi, na Mruko unatawala.

Binti alimwambia huyo ni baba yake, akaomba apewe mtu mwingine yeyote, hata mlinzi. Mkurugenzi akakataa. Jioni ile binti akaja kwangu, akakaa jikoni, akasema, "Shangazi, atainuka. Na hatauinukia mchezo. Ataniinukia mimi." Nikamsogezea ungo wa maharage tuchambue wote.

Mkurugenzi alimpata kaka kwa kumvisha kilemba cha ukoka. Hakumwambia aje kucheza, alimwambia kuna chombo kinahitaji kukaguliwa na mtaalamu. Kaka akavaa shati la kupiga pasi. Na kwa kuwa haingii kwenye jengo lenye zulia bila mimi, nikamsindikiza. Ulimi niliahidi kuuzuia, nikauzuia kwa kadiri ya uwezo wangu.

Alikalishwa mbele ya kompyuta. Binti aliruhusiwa kueleza vitufe tu. Kwenye kioo chombo kilikuwa kinaizunguka dunia, na chini kuna kitufe cha kijani kimeandikwa Ondoka.

"Breki iko wapi?" kaka akauliza.

"Mzee wangu, wewe bonyeza tu hapo kwenye kijani," akasema Mkurugenzi.

"Siondoki. Breki iko wapi?"

Mkurugenzi akatugeukia meno yote nje. "Mnaona? Ndiyo maana nikavumbua Mruko. Mruko hauna haja ya breki."

"Unasimamishwa na nini?"

"Unasimama tu, Mzee."

"Wenyewe?"

"Wenyewe."

Kaka akamgeukia. "Lile gari lako nimelifunga breki jana," akasema. "Kumbe ndivyo ulivyokuwa unaliendesha."

Binti akasogea kwenye kioo. Nami nilitamani nimsemee. "Hakuna pedi, Baba. Huko ni utupu, hakuna cha kusugua. Unakigeuza chombo, mgongo unatangulia, unaiwasha injini ileile. Nusu ya safari unasukuma kwenda, nusu unasukuma kusimama."

"Nusu nzima?"

"Karibu nusu nzima."

"Na mafuta ya kusimamia unayabeba tangu nyumbani?"

"Tangu nyumbani. Ukiyamaliza njiani unapita tu, unaendelea, hurudi."

Kaka akaguna. Miguno ya kaka yangu naijua yote, ya njaa, ya dharau, ya mgongo. Huo sikuutambua.

Akaanza kukagua injini moja baada ya nyingine, kidole kwenye kioo, akiacha alama ya oili kwenye kila moja. Roketi akaikataa, akasema hiyo ni ya vijana. Tanuri akalitafakari, akaliacha. Tanga akauliza likifika kule kwenye giza linasimamaje, binti akasema hapo ndipo penye shida, likaachwa. Ya umeme alipoambiwa habari ya daftari hakucheka. Akaipima kwa kiganja hewani, kama amebeba kitu. "Ukikanyaga mapema, itatosha," akasema.

Basi akaichukua hiyo. Lakini aliondoka? Thubutu. Alikipeleka chombo hatua chache juu ya dunia, akakigeuza, akakisimamisha. Akarudia. Akakijaza mizigo, akarudia. Mara nne, dakika arobaini, na ile saa ya safari haijaanza hata kuhesabu. Mkurugenzi alikuwa ametoa simu mfukoni, ameirudisha, ameitoa. Alipoona kaka ameridhika akapumua, kumbe bado. Kaka akafungua ukurasa wa abiria, ambao mchezaji anaweza kuuacha ujijaze wenyewe, akaanza kuandika kwa kidole kimoja, mgongo ameuinamisha kama mwanafunzi anayezuia jirani asiibie majibu. Dakika kumi.

"Baba, nikusaidie?"

"Hebu niache."

Ndipo akabonyeza kijani. Kwa saa nzima na robo hakuna kilichotokea, na kilitokea polepole sana. Namba za mwendo zikipanda chembe kwa chembe. Kaka alikodoa macho, akisahihisha hapa kidogo, pale kidogo, anasikiliza mashine isiyotoa sauti. Mlinzi alipanda kuangalia, akachoka, akashuka. Mimi nilisinzia mara mbili na sioni aibu. Ilipofika nusu ya safari akakigeuza chombo taratibu, akahakikisha injini inasukuma kinyume, akashusha pumzi.

Akainuka.

Akatoka nje ya mlango, tukasikia viatu vyake vinashuka ngazi. Mkurugenzi akapiga makofi. "Ameinuka! Mmeona wenyewe. Ameinuka!" Binti alikaa chini palepale kwenye zulia, mikono mapajani, kama alivyokuwa anakaa gereji akiwa mdogo akisubiri gari liwe tayari. Nilimtukana kaka yangu moyoni kwa maneno ambayo mwalimu mstaafu hatakiwi kuyajua.

Viatu vikapanda tena. Kaka akaingia, kwapani ameshika mto wa kiti cha gari lake, mkono wa pili chupa ya chai. "Nani amewanunulia viti hivi?" akauliza. "Mnavunja watu migongo." Akaweka mto, akakaa, akamimina chai, akaangalia namba.

"Lakini aliinuka," akasema Mkurugenzi. "Tulikubaliana akiinuka."

Ahadi yangu ikaishia hapo. "Mkurugenzi," nikasema, "wewe ukienda chooni huwa umejiuzulu?"

Mlinzi, ambaye alikuwa amerudi mlangoni, akacheka kwa sauti, na mtu mwenye vyeo vitatu akichekwa na mlinzi wake hana pa kukimbilia. Akakaa. Dakika thelathini baadaye alikuwa anakoroma kwenye kiti chake, ambacho kwa bahati ndicho pekee kizuri ofisini. Alikoroma chombo kikipunguza mwendo, alikoroma mwezi wa barafu ukikua kwenye kioo, akaamka kaka alipokisimamisha juu ya barafu, watu mia nne salama, na mafuta ya akiba yamebaki. Akafikicha macho akasema yeye alijua tangu mwanzo kwamba injini za kweli zina soko. Hadi leo anasema lilikuwa wazo lake.

Binti alisimama kando ya kiti cha baba yake, anasubiri. Kaka akafunga chupa ya chai, akachukua mto wake.

"Inavuta kushoto," akasema. "Ukikanyaga sana, inavuta kushoto kidogo. Angalia." Akateremka ngazi, na jioni ileile mteja alipomuuliza binti yako hajambo, nilimsikia kwa masikio yangu akijibu, "Hajambo, anacheza."

Niliapa sitasema naye mwezi mzima. Nilikuwa bado na kiapo changu asubuhi iliyofuata binti aliponipigia simu niende ofisini upesi. Alikuwa amefungua kumbukumbu za safari ili atafute ule upande wa kushoto, na alikuta ni kweli: namba moja aliikosea mwaka uliopita, na kati ya watu wote waliocheza hakuna aliyeihisi. Lakini hakuniitia hiyo. Alinionyesha ukurasa wa abiria.

Abiria karibu wote walijazwa na kompyuta. Kaka alikuwa ameandika wawili kwa kidole chake. Mimi alikuwa ameniweka kiti cha mwisho kabisa, karibu na choo, na mbele yake ameandika "Dada, asiguse kitu." Saa ya maandishi ilionyesha kwamba aliandika baada ya kujaribu breki mara ya nne. Binti akapandisha orodha mpaka juu, akaondoa mkono kwenye kipanya ili nisome mwenyewe.

Kiti cha mbele. Binti yangu. Mkanda umefungwa.