Kifuniko cha Kambare

Baba ni fundi vioo, na dirisha alilolifunga yeye halipitishi upepo. Wateja humsifu kwa hilo, na yeye hujidai hajui kwamba anasifiwa.

Mama alipopata kiharusi, alipoteza sauti na upande wa kulia. Baba akamtengenezea tangi la kioo, akaliweka mbele ya kiti chake na kutia samaki wadogo sita wa rangi, na kambare mmoja wa urefu wa kidole, ambaye muuzaji alisema ni mpole. Baada ya mwezi kambare akabaki peke yake, tumbo limemjaa, masharubu yametulia kama ya mzee wa baraza. Mama akacheka. Ilikuwa sauti yake ya kwanza tangu augue, na Baba alikwenda kulia chooni akidhani sisikii.

Tangu hapo kambare akawa mtu wa nyumbani. Alilishwa dagaa na vipande vya nyama, akafikia urefu wa mkono wangu. Akimeza, Mama anacheka. Hatukuwa na dawa nyingine.

Siku moja aliruka, akaangukia sakafuni. Mama alimtazama akigaragara mpaka niliporudi kutoka dukani. Kambare ni mgumu, alipona. Mama alilia hadi jioni.

Baba hakulaza damu. Alikata kifuniko cha kioo kizito, akakipiga msasa kikakaa sawasawa. Akajaza maji mpaka yakakigusa, kwa sababu tangi lisilojaa lilimuudhi, lilionekana kama kazi ya kulipua. Hapakubaki nafasi ya kupitisha ukucha.

"Sasa aruke tuone," alimwambia Mama, akaenda kazini.

Saa nne Mama alianza kugonga mkono wa kiti. Nikampa chai, akaisukuma. Nikamwekea mto, akautupa. Akanyoosha mkono kuelekea kwenye tangi, nikadhani anataka kambare alishwe, nikamwambia amekwisha kula. Aliendelea kugonga.

"Mama, leo unadeka," nilisema, nikafungua redio na kuongeza sauti ili nifue kwa amani. Maneno hayo nimeyasema mimi, wala sina wa kumsingizia.

Nilipomaliza kufua, kambare alikuwa ameelea amekufa, pua imebanwa kwenye kifuniko. Mama hakuwa akigonga tena.

Baba alirudi, akaondoa kifuniko, akasimama nacho mikononi. Kambare hupanda juu kuvuta hewa. Hata watoto wanaomvua mtoni wanalijua hilo. Baba pia alilijua. Lakini mkono wake umezoea kuziba, na siku hiyo ulimtangulia.

"Alikuambia?" aliniuliza.

"Aliniambia tangu saa nne, Baba. Sikumsikiliza."

Hakunigombeza. Alipiga magoti mbele ya Mama kumwomba radhi, naye akageuza uso ukutani. Siku tisa hakutazama yeyote kati yetu.

Sasa Baba hurudi mapema, huvuta kigoda na kumuuliza neno mojamoja: maji? mguu? taa? Mama hutikisa kichwa, naye huuliza lingine. Juzi walichukua karibu saa nzima, chakula kikapoa, mpaka Baba akajua kwamba alitaka tu dirisha lifunguliwe.